Jumamosi Tulizofunga Hesabu na Madamu Konsolata

Wiki nzima ya tanuri la mikate ilikuwa inaingia katika kurasa mbili. Kushoto vilivyoingia, kulia vilivyotoka, na chini mstari mwekundu uliochorwa kwa rula. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mnabonyeza tu, na mashine inawajumlishia kabla hamjameza mate. Siwaonei wivu, wala sikuja kuwaambia kwamba kalamu ilikuwa bora. Nimekuja kuwasimulia Jumamosi zetu zilivyokuwa, kwa sababu nazitamani mpaka leo.

Tanuri lilikuwa la Mzee Rajabu, pale Nyamirambo, uani mwa duka lake. Niliajiriwa mwaka 1990, nina miaka ishirini na miwili, kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Wa Mzee mwenyewe ulikuwa hausomeki. Alikuwa anaandika jambo leo, kesho analiangalia na kuniuliza, "Hadija, nani aliandika huu upuuzi?"

Aliyenifundisha kazi ni Madamu Konsolata. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, Mkatoliki, mkaazi wa Kibagabaga, na hakujaliwa mtoto. Alikuja kwetu mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, kufunga hesabu. Siku nyingine alifanya hivyo hivyo kwa muuza vitambaa na kwa fundi viatu. Alisoma kwa masista, na cheti chake kilikuwa cha kumweka katika ofisi yoyote ya serikali. Ofisi hiyo hakuipata. Alikuwa Mtutsi, na siku zile hilo lilitosha. Mimi sikuwahi kumsikia akililalamikia. Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa, anasali kwa Kinyarwanda, na sisi akituzungumzisha kwa Kiswahili chake mwenyewe, ambacho kila kitu kilikuwa "hii" na kila jambo lilikuwa "iko".

Jumamosi yangu ya kwanza nilifungua daftari ili nione jumla ya mauzo, halafu niende kuhesabu pesa kwenye kasha. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hapana. Kwanza hesabu pesa. Hii kitabu iache imefungwa."

"Kwa nini, Madamu?"

"Ukijua unatafuta ngapi, mkono yako itapata hiyo hiyo."

Nilidhani ananitania. Baada ya miezi miwili nilimwona muuza duka mmoja jirani akihesabu noti huku daftari liko wazi mbele yake, na kila alipofika karibu na jumla aliyoitaka, vidole vilianza kumdanganya. Basi hilo ni la kwanza ninalowaachia, na halijali kama mnatumia wino au umeme.

La pili alinifundisha siku tulipokosana na kasha kwa faranga mia tano na arobaini. Nilikuwa tayari kupitia risiti zote za wiki, moja moja. Yeye akachukua kipande cha karatasi, akagawanya mia tano na arobaini kwa tisa. Ikagawanyika bila kubaki kitu.

"Umegeuza namba mahali," akasema. "Tafuta."

Nikatafuta. Mahali pa 1,820 nilikuwa nimeandika 1,280. Nilimtazama kama mtu aliyetoa sungura kwenye mfuko. Akacheka mpaka akavua miwani. Nilikuja kuzoea kicheko kile. Kilianzia mabegani, sauti ikafuata baadaye.

Na kufuta kulikuwa marufuku. Ukikosea, unapiga mstari mmoja kwa rula ili kosa libaki linasomeka, unaandika sahihi juu yake. Ukurasa wangu wa mwanzo ulikuwa kama shamba lililolimwa. Niliona aibu, nikamwomba nichane nianze upya. Akaniambia kwamba mwenye kitabu kisafi sana, yeye humwangalia mara mbili.

Tulikuwa na vituko pia. Mzee Rajabu alikuwa na wake wawili, na mikate iliyokwenda nyumbani kwake nilikuwa naiandika kwa majina ya mahali, Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini. Siku moja mke mkubwa alikuja dukani, akalikuta daftari liko wazi juu ya meza, na yeye kusoma alikuwa anajua. Nyumba yake ilikuwa inapata mikate minne kwa siku, nyumba ya mwenzake sita. Wiki ile Mzee Rajabu hakuwa na amani juu wala chini. Aliponijia na macho mekundu, Madamu Konsolata alinitetea kwanza, halafu Mzee alipoondoka akanigeukia mimi.

"Hadija, hii kitabu si gazeti. Ukiinuka, unafunga."

Tangu siku hiyo mikate ikawa mitano mitano.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa. Sijawahi kulisimulia mbele ya watu wengi, lakini kama mtafanya kazi hii, mtalihitaji kuliko hiyo hila ya tisa.

Mwokaji wetu mkuu alikuwa anaitwa Faustini. Alikuwa mrefu, mkimya, mikono yake ina makovu ya mabati ya moto. Kwao ni Kinyinya. Leo ukitaja Kinyinya mtu anafikiria maghorofa na malori ya mchanga; wakati ule kulikuwa na mtama, migomba na vijia vya mbuzi. Kwa umbali huo, Faustini alikuwa analala tanurini wiki nzima, anapanda kwao Jumamosi jioni kumwona mkewe na watoto wanne.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na barabara tuliyozoea kupokelea unga kutoka Uganda ilifungwa. Mzee Rajabu akapata mwuzaji mwingine, unga ukawa unapitia Tanzania. Magunia yalikuwa meupe yale yale, na kila wiki yalikuja ishirini. Mimi nikaandika kama siku zote: magunia ishirini, kilo hamsini kila moja, jumla kilo elfu moja. Sikupima hata moja.

Wiki ile ile Madamu Konsolata alishikwa na malaria kali, akalazwa. Kwa mara ya kwanza nilifunga hesabu peke yangu. Ukurasa wa unga ukanionyesha kwamba mikate iliyotoka haikulingana na unga ulioingia. Kulikuwa na pengo la kilo mia moja, yaani magunia mawili. Nikajumlisha tena, nikapata vile vile. Wiki ya pili, magunia mawili. Wiki ya tatu, mawili mengine. Na mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyejifunza kazi juzi, nilimpelekea Mzee Rajabu daftari, nikaweka kidole pale.

"Unga unapotea, Mzee. Kila wiki magunia mawili."

"Funguo za stoo anazo nani?"

Nilijua aliyenazo ni nani. Nikasema, "Faustini."

Mzee hakuwa mtu mbaya, ila hasira yake ilikuwa ya haraka. Alimwita Faustini uani, mbele ya waokaji wenzake na wanunuzi waliokuwa wamepanga mstari. Faustini aliapa. Mzee akamnyooshea daftari langu. "Kitabu hiki kinadanganya? Kitabu kinakuchukia?" Faustini alinitazama mimi mara moja tu. Halafu akaenda kukunja godoro lake, akalibeba kichwani, akaondoka katikati ya wiki, mchana kweupe.

Jumamosi iliyofuata Madamu Konsolata akarudi, amekonda, shingo imetoka mifupa. Nikampa habari kwa fahari kidogo. Alisoma kurasa zangu tatu za unga. Halafu akainuka, akaenda stoo, akainama juu ya gunia, akaita.

"Hadija! Kuja hapa. Soma."

Chini kabisa ya gunia, kwa herufi ndogo za bluu, palikuwa pameandikwa kilo arobaini na tano.

Hesabuni wenyewe. Kilo tano mara magunia ishirini ni kilo mia moja. Hakuna punje ya unga iliyoibwa. Aliyepoteza magunia yale mawili kila wiki nilikuwa mimi, kwa kalamu, kwenye kiti changu.

Nikakaa juu ya gunia lile lile. Nikamwomba aende yeye kumwambia Mzee.

"Nani aliandika?" akaniuliza.

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utasema."

Nilisema. Mzee Rajabu akalifunga daftari. "Nimemwaibisha mtu mbele ya watu," akasema, "kwa kalamu yako na mdomo wangu." Akatoa mshahara wa Faustini wa siku zote alizokaa nyumbani, akampa Madamu Konsolata ampelekee. Akaniambia nisirudi kazini bila Faustini.

Tulikwenda kesho yake, Jumapili, Madamu alipotoka misa. Gari lilitufikisha Remera, njia iliyobaki tulitembea. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari wanaokagua vitambulisho. Kadi zetu zilikuwa na kabila juu yake. Yangu ilisema Mhutu, ikarudi mkononi mwangu kabla sijasimama vizuri. Yake askari aliishika, akaigeuza, akamwangalia uso, akaigeuza tena. Akamwuliza anakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini. Mama wa umri ule, bado anatetemeka kwa malaria, alijibu swali moja baada ya jingine kwa adabu. Tulipopita, nilimshika mkono. Akaniambia: "Ukifika kwa Faustini, usianze na kulia. Ukilia, ni yeye atakubembeleza wewe, na hiyo si haki."

Tulimkuta Faustini bondeni chini ya nyumba yake, anakanyaga udongo wa matofali, matope mpaka magotini. Aliniona, akaendelea kukanyaga.

"Hadija. Umekuja kunihesabu tena?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba magunia ni ya arobaini na tano, kwamba sikupima, kwamba hakuiba, na kwamba nilikuwa nimemtaja bila kujikagua mwenyewe kwanza. Sikulia, ingawa ilinigharimu. Akatoka matopeni, akapangusa mikono kwa majani.

"Sawa," akasema. "Lakini majirani waliniona nikirudi siku ya kazi na godoro kichwani. Hao nani atawaambia?"

Nilimtazama Madamu Konsolata anisaidie. Alikuwa anaangalia migomba.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba, Faustini mbele, mimi nyuma, Madamu akifuata polepole na mwavuli wake. Nyumba ya kwanza sauti ilikuwa inatoka kwa shida. Ya pili nikaweza. Ya tatu walinipa maji ya kunywa. Ya nne ilikuwa ya bibi kizee ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Unasema aliiba?" akaniuliza.

"Hapana, bibi, hakuiba!"

"Aliiba nini?"

"Hakuiba kitu! Ni mimi nilikosea!"

"Wewe ndiye uliyeiba?"

Nilipiga kelele mpaka watu waliokuwa wakipalilia upande wa pili wa bonde wakainua vichwa. Faustini ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mkewe, halafu nikaona mabega ya Madamu Konsolata yanatikisika. Nilicheka na mimi, na machozi niliyokatazwa yakapata njia.

Faustini alirudi Jumatatu. Mzee Rajabu alimngoja mlangoni, akamwomba radhi mbele ya mstari wa wanunuzi, kwa sauti ile ile aliyomfukuzia. Faustini alikubali kwa sharti moja, kwamba kila gunia lipimwe mbele yake. Mzani ukanunuliwa. Tangu hapo yeye alikuwa anasoma uzito kwa sauti, mimi naandika, na mara nyingine alikuwa ananikonyeza na kusema "hamsini!" ili aone kama nitaandika bila kuangalia sindano.

Baada ya hapo zikaja Jumamosi ambazo nikizikumbuka sina kisa cha kuwapa. Hakuna kilichotokea. Madamu alikuwa anafika saa tatu, anatundika mwavuli kwenye msumari, anapuliza vumbi la unga juu ya meza ingawa dakika tano baadaye litarudi. Tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa na mikate iliyoungua kingo, kwa sababu iliyoungua haiuziki na yeye alidai ndiyo mitamu. Mimi nasoma, yeye anatia alama ndogo ya kalamu ya risasi. "Hamira?" "Makopo sita." "Kuni?" "Mizigo mitatu." Redioni walikuwa wanasema maneno mabaya, yakizidi kuwa mabaya kila mwezi, na yeye alikuwa anainuka kuizima bila kukatisha hesabu. Tulipofika kwenye mstari mwekundu na pande zote mbili zikalingana, alikuwa anasema "Voilà", yaani basi tayari kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemlaza mtoto. Niliolewa katika miaka ile, nikapata mtoto wa kwanza, na mambo hayo yote nilimwambia yeye kwanza, kati ya hamira na kuni.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya kuamkia Pasaka, mwaka 1994. Tanuri lilikuwa limezidiwa na oda, watu wamejaa mpaka barabarani. Tulijaribu kukaa mezani mara mbili, mara mbili tukaitwa kusaidia. Mchana Madamu alitazama saa.

"Nina kwaya," akasema. "Hii wiki iache wazi. Jumamosi tutafunga mbili pamoja."

Ilikuwa mara ya kwanza kuacha ukurasa wazi. Aliondoka na mikate minne, pamoja na Faustini aliyekuwa anapanda kwao kwa sikukuu. Niliwaona wakishuka barabara, yeye na mwavuli, Faustini kambebea mikate.

Katikati ya wiki iliyofuata mauaji ya kimbari yalianza. Mimi nilikuwa Nyamirambo, na kutoka kwetu mpaka Kibagabaga kulikuwa na vizuizi ambavyo Mtutsi hakupita akabaki hai. Yaliyotokea mtaani kwetu miezi ile ni simulizi nyingine, siichanganyi na hii.

Nilikwenda Kibagabaga mwezi wa nane. Nyumba yake haikuwa na paa wala milango. Nikaendelea kupanda mpaka Kinyinya, kwa njia ile ile tuliyotembea naye. Faustini alikuwa hai. Hakuningoja niulize.

Madamu alikuwa amekimbilia kwake, naye akamficha siku nne katika tanuru la matofali, akiwa amepanga matofali mabichi mlangoni. Siku ya nne wauaji walikuja kumhoji mkewe, wakasema watarudi. Asubuhi ya siku ya tano mvua ilikuwa inanyesha, na Madamu Konsolata alitoka mwenyewe. Faustini alimzuia kwa mikono.

"Akaniambia: 'Wewe iko na watoto wanne. Mimi iko peke yangu.' Nikamwambia, Madamu, watoto wangu ni wako. Akasema, 'Ndiyo maana.'"

Hakufika mbali. Faustini alimzika mwenyewe, na alinipeleka nikaone mahali.

Tanuri lilifunguliwa tena kabla mwaka haujaisha. Waporaji walichukua unga, mabati, mzani, hata milango ya stoo, lakini madaftari waliyatupa sakafuni. Hawakuyaona kuwa na faida. Nikaokota letu. Ukurasa wa Pasaka ulikuwa wazi, stakabadhi za wiki zimebanwa kwa pini. Mzee Rajabu, ambaye alikuwa amezeeka miaka kumi katika miezi mitatu, aliniambia niachane nao, nianze ukurasa mpya.

Sikumtii. Jumamosi moja saa tatu nilikaa mezani peke yangu, nikaufunga. Unga, hamira, kuni, mikate. Nilitumaini pataonekana tofauti, kitu cha kunishughulisha mpaka jioni. Pande mbili zilikubaliana mara ya kwanza. Nikachora mstari mwekundu, na hakukuwa na mtu wa kusema neno lile.

Nimefunga wiki nyingi tangu hapo, kwa wenye biashara wengi, mpaka macho yalipokataa nikastaafu. Watu huniuliza ningependa siku gani ya ujana wangu irudi, wakidhani nitataja harusi. Mimi ningeomba Jumamosi moja ambayo hakuna kilichotokea. Madamu Konsolata angefika, tungekunywa chai, tungeanza kusoma. Na mimi, niliyewaonya nyinyi juu ya makosa tangu mwanzo wa maneno haya, ningekosea tarakimu moja makusudi, mahali pagumu kuonekana, ili tukae tuitafute, asiondoke mapema.